Ijumaa usiku, Waingereza wanapocheka

Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni juma hili. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata kuyasikia.

Juzi baada ya sala ya isha tulikuwa tumeketi barazani kwetu Mombasa, kama ilivyo kawaida yetu, muuza kahawa amekwisha kutua dele lake na vikombe vinazunguka. Mjukuu wa jirani yangu akatoa simu yake, akatuonyesha kipande cha kipindi cha zamani. Watu watano wameketi nyuma ya meza, na mmoja wao ni bwana mnene wa nywele nyeupe zilizotimka kama kiota cha kunguru. Kila akifungua mdomo, ukumbi mzima unacheka. Hata wenzangu walicheka, ingawa Kiingereza chao wengi ni kile cha bandarini tu.

"Babu," kijana akaniuliza, "huyu mchekeshaji anaitwa nani?"

"Huyo si mchekeshaji, mjukuu wangu. Huyo ni Boris Johnson. Alikuwa waziri mkuu wa Uingereza."

Mzee mmoja aliyekuwa akivuta tasbihi akainua uso. "Kumbe walipomtoa kwenye uwaziri ndipo akaingia kwenye vichekesho?"

"La, mzee wangu. Vichekesho ndivyo vilivyotangulia. Uwaziri mkuu ulikuja baadaye."

Mzee akanitazama kama niliyemtania, kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani, na usiku ule sikulala mapema. Mimi nilikaa Uingereza tangu 1987 hadi 2011, na binti yangu yuko huko mpaka leo na wanawe. Ikiwa kuna jambo la nchi ile nililolifuata kwa makini kuliko hata kazi iliyokuwa ikinilisha, basi ni vichekesho vyao vya runinga. Vilinifundisha Kiingereza cha mtaani ambacho mwalimu hakukijua. Vilinionyesha pia mahali pangu katika nchi ya watu, mara nyingine kwa upole na mara nyingine kwa kofi. Kwa hiyo leo, kwa ruhusa yenu, nitaacha habari za bei ya sukari na barabara zetu, nizungumze juu ya kicheko cha Waingereza.

Nianze na siku ya kwanza. Nilifika Leeds mwaka 1987, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Jumapili usiku aliniita sebuleni nitazame runinga naye. Kipindi kilikuwa Spitting Image, kilichoanza mwaka 1984: vikaragosi vya raba vyenye sura za wakubwa, pua zimerefushwa, masikio yametanuliwa. Akatokea Margaret Thatcher, waziri mkuu wao wa wakati huo, amevaa suti ya kiume na sigara kubwa, anawafokea mawaziri wake kama watoto wa chuoni waliokosa kuhifadhi.

Wasikilizaji, kumbukeni nilikotoka. Kwetu miaka ile taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais: leo amefungua nini, ametembelea wapi, amewaonya nani. Mzaha juu yake ulisemwa na watu wawili wanaoaminiana, na mlango umefungwa. Basi mimi nilipokiona kikaragosi kile, kabla ya kucheka niligeuka nikautazama mlango. Yule mama aliniona. Akaniuliza kama kuna mtu namngojea.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba mama mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa Thatcher. Alimpigia kura mwaka uleule, Juni 1987, Thatcher aliposhinda uchaguzi wa tatu mfululizo, na bado alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nikajiuliza: ikiwa hata wanaompenda wanamcheka, kicheko hiki kinamfanya nini yule anayechekwa?

Jibu nililipata taratibu, kwa kumtazama mtu mwingine. David Steel, kiongozi wa chama cha Liberal, alitengenezewa kikaragosi kidogo mno, kikawekwa ndani ya mfuko wa koti la mwenzake wa kisiasa, David Owen. Steel mwenyewe alikuja kukiri kwamba kikaragosi kile kilimwumiza kisiasa. Thatcher alifanywa mkali, na ukali haukumpunguzia kitu; pengine ulimwongezea. Steel alifanywa mdogo, naye akawa mdogo machoni pa watu. Kumbe dhihaka si moja. Iko inayomnyoa mtu, na iko inayomvika kilemba.

Kwa kupitia tu niseme kwamba vikaragosi vya namna hiyo vilifika mpaka kwetu. Mwaka 2009 Gado, mchoraji katuni aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Nairobi, alianzisha The XYZ Show, akiwafuata Wafaransa na Waingereza waliotangulia. Nilikiona kipindi hicho nilipokuja likizo. Safari hii sikuutazama mlango, na hilo peke yake lilinipa furaha ambayo mtu aliyezaliwa baada ya 1990 hawezi kuielewa.

Sasa nije kwenye meza ile ya watu watano. Waingereza wana aina ya kipindi ambacho nitakiita mchezo wa jopo. Wachekeshaji na wageni huketi katika timu mbili, katikati yuko mwendeshaji anayeuliza maswali na kutoa alama. Alama hizo hazina thamani yoyote. Hakuna anayezikumbuka kipindi kikiisha, wala hapana zawadi ya maana. Maswali ni kisingizio cha watu kutupiana maneno. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana, maana mchezo wa jopo ni baraza. Mmoja ni msemaji sana, mmoja ni mkimya anayengoja kutia neno moja la kuua, mmoja amekuja na habari ya gazetini aliyoisoma nusu, na mmoja kila akisema hukatizwa. Tofauti ni taa na kamera.

Asili ya mchezo huu ni redio, jambo ambalo mimi kama mtu wa redio nalitaja kwa kujivuna kidogo. Tangu mwaka 1967 BBC ina mchezo uitwao Just a Minute. Unapewa mada, useme juu yake kwa dakika moja bila kusita, bila kurudia neno, na bila kutoka nje ya mada. Ukikosea, mwenzako anakudaka na kuendelea yeye. Nicholas Parsons aliuendesha mchezo huo kwa zaidi ya miaka 50, karibu mpaka kufa kwake Januari 2020. Jaribuni nyumbani muone. Mimi nilijaribu kwa Kiswahili, mada ikiwa mkate wa mofa, sikufika hata kwenye unga. Mwaka 1977 ukaja The News Quiz, wa maswali juu ya habari za wiki, na kutokana na mfano huo, mwaka 1990, runinga ikapata Have I Got News for You. Ndicho kipindi alichonionyesha yule kijana. Hurekodiwa Alhamisi, kikatangazwa Ijumaa usiku, na manahodha wake ni walewale wawili tangu mwanzo: Paul Merton, mchekeshaji, na Ian Hislop, ambaye tangu 1986 ni mhariri wa Private Eye, gazeti la kejeli lililoshtakiwa mahakamani mara nyingi kwa kuwasema wakubwa.

Miaka yake ya kwanza kipindi kile kilikuwa moto. Mwaka 1993 Roy Hattersley, aliyekuwa naibu kiongozi wa chama cha Labour, alishindwa kufika kwa mara ya tatu. Badala ya kumtafuta mtu mwingine, waliweka kwenye kiti chake kopo la mafuta, tena, mnisamehe wasikilizaji, mafuta ya nguruwe. Wakaliita mheshimiwa mbunge, wakaliuliza maswali, kipindi chote. Nilikuwa nimeketi na mke wangu. Yeye alichukizwa na mafuta, mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Mbunge aliyezoea kungojewa na watu alionyeshwa kwamba pasipo yeye mambo yanakwenda vilevile. Huko ndiko kunyoa ninakokusema.

Mwaka 2002 zamu ikamfika mwendeshaji wao wenyewe, Angus Deayton. Magazeti yaliandika mambo ya siri ya maisha yake. Alipokuja kuketi kwenye kiti chake kuuliza habari za wiki, habari ya wiki ilikuwa yeye. Manahodha wake hawakumwonea haya. Oktoba ya mwaka huo BBC ikamwondoa, na tangu hapo kiti kile hukaliwa na wageni wa kupokezana. Kwangu mimi jambo lile lilikuwa la haki. Nyote mnaijua desturi ya utani. Mnyamwezi na Mzaramo huambiana usoni maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patatokea vita, na mtani huja hata matangani akawachekesha wafiwa. Lakini desturi hiyo ina masharti yake. Anayetania naye hutaniwa, na siku hiyo hapana mwenye cheo. Halafu liko sharti la tatu, ambalo halisemwi kwa sababu hapajawahi kuwa na haja ya kulisema: mtani haji kwako kuuza kitu.

Hapo ndipo namrudia Boris Johnson.

Alialikwa mara ya kwanza mwaka 1998, akiwa bado mwandishi wa habari. Hislop, ambaye hasahau kitu, akamchokoza kwa habari iliyokuwa mbaya kweli. Miaka ya nyuma rafiki yake wa tangu shule alimpigia simu akitaka amtafutie anwani ya mwandishi mmoja wa magazeti ili apelekewe watu wa kumpiga. Mazungumzo yale yalinaswa, na sauti ya Johnson imo ndani yake. Sasa fikirini, wasikilizaji. Swali kama hilo mahakamani lingemtoa mtu jasho. Kwenye mkutano wa wanahabari lingeandikwa kurasa za mbele. Lakini liliulizwa kwenye mchezo wa jopo. Johnson akababaika, akajikuna nywele, akasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na ukumbi ukacheka. Kucheka kukalimaliza swali. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitazama, na mimi mwenyewe nilicheka. Nilimwona kama mjomba wa kila familia, yule anayepoteza funguo za nyumba siku ya arusi.

Akarudi tena na tena, na baadaye akakalia hata kile kiti cha mwendeshaji. Mwaka 2001 akawa mbunge, 2008 meya wa London, na Julai 2019 waziri mkuu, mpaka walipomtoa watu wa chama chake mwenyewe mwaka 2022. Sisemi kwamba kipindi kimoja cha Ijumaa ndicho kilichompa nchi. Waingereza wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hilo, na mtu mwenye akili hawezi kulitwika jopo mzigo wa wapiga kura mamilioni. Ninalosema ni dogo zaidi, lakini nina hakika nalo. Mtu yule aligundua kwamba katika nchi ambayo kila mkubwa hudhihakiwa, aliye salama ni yule anayejidhihaki kabla hujamfikia. Utamnyoaje mtu aliyekuja amejinyoa? Utamtimuaje nywele aliyekwisha kuzitimua mwenyewe mlangoni? Alikuja kwa watani na bidhaa chini ya meza, na bidhaa ilikuwa yeye.

Tangu hapo nikawa nawatazama wanasiasa wanaoalikwa kwenye vipindi hivyo kwa jicho jingine. Yule aliyekuja amejiandaa kuchekwa huondoka msafi kuliko alivyokuja. Kicheko kimekuwa sabuni. Wale manahodha wawili si wabaya, na Hislop amefanya kazi ya kuheshimika gazetini mwake. Lakini gazetini swali huandikwa likabaki. Kwenye runinga hulizwa, hucheka watu, kisha huulizwa jingine.

Nimesema vichekesho vyao vilinionyesha mahali pangu. Nalo nina deni la kulieleza.

Wengi wenu wa umri wangu mnakikumbuka Mind Your Language. Waingereza walikitengeneza kati ya 1977 na 1979, sisi tukakiona kwenye Sauti ya Kenya. Mtaani kwetu nyumba moja tu ilikuwa na runinga, na siku ya kipindi hicho watoto tulijazana madirishani kama njiwa. Mwalimu Brown na wanafunzi wake wa Kiingereza: Mtaliana mwenye makelele, Mfaransa mrembo, Mjerumani mkali, Jamila aliyekuwa akifuma sufi wakati wote, Ali wa Pakistani na Ranjeet Singasinga, wagombanao kila siku. Ranjeet alikuwa na namna yake ya kuomba radhi, radhi elfu moja kwa kila kosa, akiinamisha kichwa. Tuliiga shuleni mpaka tukachapwa.

Sasa tazama jambo ambalo sikuliona utotoni. Katika darasa lile hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Tulicheka kwa raha zetu kwa sababu hatukuwamo.

Leeds nikaingia shule ya jioni kunyoosha Kiingereza changu cha kuandika, na jirani yangu wa dawati alikuwa Singasinga, mtu mzima, fundi katika kiwanda kimoja cha vyuma. Siku moja, kwa upumbavu wa ugeni, nikamwinamishia kichwa nikamwomba radhi elfu moja. Nilidhani naonyesha kwamba nami naijua Uingereza. Hakukasirika. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, kwamba kiwandani kwake hapana anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Ranjeet, tangu kipindi kile kilipoanza, na kila asubuhi akipita mlangoni kuna mtu wa kumwinamishia kichwa. Miaka kumi, kila asubuhi. Akaniuliza kama na mimi kwetu nafanya kazi kiwandani.

Kipindi chenyewe kilikuwa kimekwisha kusimamishwa mwaka 1979. Aliyekisimamisha ni Michael Grade, mkubwa wa vipindi katika kampuni iliyokitengeneza, kwa kuwa aliona kinawakashifu watu wa mataifa mengine. Wengine husema alikosea, kwamba wahusika walipendwa na kipindi kilitazamwa dunia nzima, na hilo ni kweli. Kwetu kilipendwa. Hata mwaka huu nimekitazama kwenye simu, na mnajua nilifanya nini? Nilicheka. Sitawadanganya. Lakini nilicheka nikimwona yule fundi akipita mlangoni.

Ndiyo maana nilifurahi sana vichekesho vilipobadilika. Mwaka 1989 Channel 4 ikaleta Desmond's, habari za kinyozi wa asili ya Karibi huko Peckham, London, iliyobuniwa na Trix Worrell, mzaliwa wa St Lucia. Humo mlikuwa na Matthew, mwanafunzi wa Kiafrika asiyemaliza masomo, mwenye methali ya kale kwa kila jambo. Hatimaye tukawamo! Tulichekwa, ndiyo, lakini tulichekwa na watu wa nyumbani, tena naye Matthew alikuwa akiwacheka wao. Mwaka 1998 wakaja Wahindi wa Goodness Gracious Me. Walikuwa na mchezo mmoja wa Wahindi waliolewa wakaingia mkahawa wa chakula cha Kiingereza huko Bombay, wakawasumbua wahudumu, wakakosea majina yao, wakaagiza chakula kisicho na ladha kabisa kuonyesha ushujaa, kama Waingereza wafanyavyo na pilipili katika mikahawa ya Wahindi kila Ijumaa. Usiku ule nilimpigia simu rafiki yangu Singasinga, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Simu ilipopokewa sikusikia salamu. Nilisikia mtu anacheka, na nyuma yake nyumba nzima inacheka.

Mimi nami niliwahi kuingia studio. Mwaka 1999 nilikwenda London na mwenzangu wa kazini kutazama mchezo mmoja wa jopo ukirekodiwa; jina lake naliacha. Tiketi ni za bure, na kwa kuwa ni za bure hugawa nyingi kuliko viti. Safari ya kwanza tulisimama kwenye mvua saa nzima, tukarudishwa. Ya pili tukaingia. Kabla ya kuanza huja mchekeshaji wa kuwapasha watu moto, maana hadhira ya Kiingereza ni kama jiko la mkaa, haiwaki bila kupepewa. Akaniona mbele. Akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Leeds. Watu wakacheka kidogo. Akasema la, unatoka wapi hasa? Nikamjibu Leeds, hasa karibu na stesheni ya basi. Ukumbi ukapasuka, na kicheko hakikuwa chake, kilikuwa changu. Akahamia kwa mama wa safu ya pili. Nilirudi nyumbani na kicheko kile mfukoni, nikakitumia wiki nzima.

Lakini jambo lililofuata ndilo nililotaka kulieleza. Rekodi ilichukua kama saa mbili ili kupatikane dakika thelathini. Mara moja mtambo ulikorofisha, mzaha uliokwisha kutuchekesha ukapotea. Wakatuomba kwa adabu: mwendeshaji atausema tena, nanyi tafadhali mcheke kama mara ya kwanza. Akausema. Tukacheka. Nami nikacheka, kwa sauti, nikajisikia kama mtu aliyeitikia amina ya dua asiyoisikia. Tangu siku ile nikisikia kicheko kwenye runinga huwa najiuliza ni cha kwanza au cha pili.

Nalo suala la nani anaketi mezani halikuisha. Kwa miaka mingi majopo yale yalikuwa ya wanaume watupu, au wanaume na mwanamke mmoja anayekatizwa. Mwaka 2014 Danny Cohen, mkurugenzi wa runinga wa BBC, alitangaza kwamba hapatakuwa tena na jopo lisilo na mwanamke. Wengine wakanuna, wakasema mwanamke atadhaniwa amewekwa kama chumvi. Binti yangu alinijibu vizuri nilipomweleza hoja hiyo: "Baba, na hao wanaume sita waliwekwa na nani?" Sikuwa na neno. Leo QI inaendeshwa na Sandi Toksvig, aliyempokea Stephen Fry mwaka 2016, na hata Mkenya wa kuzaliwa, Njambi McGrath, amepata kipindi chake katika redio ya BBC.

Hali ya sasa ikoje? Fedha ni kidogo. Mchezo wa jopo ulienea kwa sababu ni rahisi: meza, viti, watu hodari wa maneno na jioni moja. Mfululizo wa kuigiza unataka waandishi miezi mingi, waigizaji, nyumba za kuigizia, na pengine usichekeshe. Ada ya leseni ya runinga, inayoilisha BBC, ilizuiwa isipande kwa miaka miwili, ikabaki pauni 159 mpaka 2024. Aprili 2025 ikafika pauni 174.50. Mwaka 2022 BBC ilikifunga Mock the Week baada ya miaka 17, kipindi ambacho vijana wengi walianzia hapo kujulikana. Watazamaji nao wametawanyika. Desemba 1996 sehemu moja ya Only Fools and Horses ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 24. Krismasi ya 2024, Gavin & Stacey ilipomalizika, waliotazama usiku uleule walikuwa zaidi ya milioni 12, na nchi nzima ilishangilia kama iliyoshinda kombe. Ni nusu tu, na sasa nusu ni muujiza.

Wajukuu zangu kule hawamtazami Hislop. Wao ni watu wa Taskmaster, kilichoanza 2015: wachekeshaji watano wanapewa barua zenye lakiri, ndani yake kazi za kipuuzi, na Greg Davies anawahukumu kama mfalme mkorofi. Kimeigwa Norway, Sweden na kwingineko. Nakipenda. Ni nadra mwanasiasa kuingia kujiosha humo. Lakini hapana mwanasiasa anayetiwa kopo la mafuta kitini pake pia, na mimi mtu wa zamani hilo nalikosa. Huku nyuma Marekani, mwaka 2024, CNN ilianza kutengeneza Have I Got News for You yake yenyewe. Wamarekani wamenunua meza. Sijui kama wameyasoma masharti ya utani.

Jana nilirudi barazani. Nilimsimulia mzee wa tasbihi habari yote, kuanzia vikaragosi mpaka ile simu ya anwani. Alisikiliza mpaka mwisho, kahawa yake ikapoa. Kisha akauliza:

"Na yule mwandishi wa magazeti, walimpiga?"

Nikamwambia hawakumpiga.

"Alipata kualikwa kwenye hiyo meza?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikaona sina jibu. Katika miaka yote niliyotazama, na mara zote nilizocheka, swali hilo halikunijia. Kijana akaanza kutafuta kwenye simu, muuza kahawa akawa anakusanya vikombe vyake.

Wasikilizaji, saa ya studio inanionyesha kwamba muda wangu umekwisha. Juma lijalo nitarudi kwenye sukari, Mungu akipenda. Kwaherini.